Mkunga wa miaka thelathini kashindwa kubonyeza "ANZA". Kosa lake au la VR yetu?

#1 Mbunifu wa Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Naomba nimalize kusimulia kabla hamjaanza kunirushia mawe.

Niko kwenye timu ya watu watatu, tunatengeneza mafunzo ya VR (miwani inayokuingiza kwenye dunia ya kompyuta) kwa wakunga. Somo ni moja tu: mama amejifungua salama, halafu damu haikati. Mkunga anatakiwa aite msaada, akande mji wa mimba, aandae oxytocin (dawa ya kukaza mji wa mimba), aangalie kama kondo limetoka lote au kuna kipande kimebaki. Kwa hali hiyo hakuna muda wa kuchezea.

Wiki iliyopita tuliipeleka kwenye chuo kimoja tuijaribu. Wa kwanza kuvaa alikuwa mama mmoja mtu mzima, kazi ya ukunga ameifanya zaidi ya miaka thelathini, walimu wenyewe wa pale wamepita mikononi mwake. Nikamwamkia, nikamvalisha miwani ya VR aina ya Quest 2 juu ya kilemba, nikakaza mkanda. Akatulia kidogo, kisha akauliza: "Hapa pameandikwa bonyeza kichochezi. Kichochezi ndiyo nini mwanangu, namchochea nani?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Na mimi nikajichekesha, maana neno lile nililitafsiri mwenyewe saa nane za usiku. Ni kile kitufe cha kontrola, kishikio cha mkononi, kinachokaa chini ya kidole cha shahada. Nikamshika kidole nikakiweka pale.

Sasa mbele yake kuna ubao unaelea, una kitufe kimeandikwa ANZA, na mkononi mwake unatoka mwali mwekundu kama ile tochi ya kuchezeshea paka. Analenga vizuri kabisa. Akivuta kidole, mkono unashuka kidogo, mwali unaangukia chini ya kitufe. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne akaachana na mwali, akanyoosha mkono aubonyeze ule ubao kwa kidole kama anavyobonyeza simu. Mkono ukapita kama umepita kwenye moshi.

Nikambonyezea mimi. Akaingia wodini, akasogea kitandani, akaegemea kitanda kwa mkono mmoja ili akande vizuri kwa mwingine. Kitanda chenyewe hakipo! Nilimdaka bega akiwa ameshaanza kwenda. Akavua miwani, lenzi zimejaa ukungu wa jasho, akaniambia taratibu tu: "Mwanangu, huyu mgonjwa ameshakufa, mimi bado natafuta kitufe."

Meneja wa mradi anasema tuandike mwongozo wa kurasa 12 wagawiwe siku moja kabla. Mimi nasema mwongozo wa kurasa 12 kwa ajili ya kubonyeza neno moja ni ushahidi kwamba sisi ndio tumeshindwa. Wenye uzoefu na VR au AR (ile ya picha za kompyuta juu ya mazingira halisi), mnafanyaje mtu mgeni aingie bila kushikwa mkono?

#2 Pweza Mkavu

Namchochea nani 😂😂😂 Nakaa siti ya mbele.

#3 MsemaKweli

Mkuu bila kukuvunja moyo, kuna zahanati glavu zinanunuliwa na ndugu wa mgonjwa, nyie mnaleta miwani ya VR. Mpeni huyo mama mdoli wa kufundishia yaishe.

#4 Mbunifu wa Mbagala

@MsemaKweli hoja yako naiheshimu. Mdoli upo, mmoja, kwa darasa la watu sabini, na hautoki damu. Ila uzi huu tusiupeleke huko, fungua wa kwako nitakuja kuchangia.

#5 Kaka Lenzi

Mkuu, kabla sijasema lolote: hicho kitufe cha ANZA kina upana gani, na kiko umbali gani kutoka kwenye macho ya mtumiaji?

#6 Mbunifu wa Mbagala

Sentimita 4. Umbali mita 3. Tulitaka asione kama amebanwa na ubao usoni.

#7 Kaka Lenzi

Basi yule mama hana kosa hata chembe.

Kwenye VR sentimita peke yake haina maana, pima kwa digrii, yaani pembe ambayo kitu kinachukua machoni. Digrii moja ukiiona kutoka mita 1 ni kama sentimita 1.75. Kutoka mita 2 ni 3.5. Microsoft kwenye miongozo ya HoloLens, miwani yao ya AR, hicho ndicho kiwango cha chini walichokiweka kwa kitu cha kulengwa kwa mbali: sentimita 3.5 kwa mita 2, yaani digrii moja. Wewe umeweka sentimita 4 kwa mita 3, hiyo ni kama robo tatu ya digrii. Umempa mtu mzima aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza shabaha ndogo kuliko kiwango cha chini. Mwanasaikolojia Paul Fitts alishatuonyesha mwaka 1954 kwamba shabaha ikiwa ndogo na ikiwa mbali, mkono unachukua muda mrefu zaidi kuifikia. Kanuni hiyo haijali kama uko kwenye VR au uko kiwandani.

Hilo la mwali kushuka anapobonyeza lina jina kabisa. Watafiti wanaliita athari ya Heisenberg: kile kitendo cha kubonyeza ndicho kinachoharibu kulenga. Kidole kikivuta, kifundo kinayumba, na mwali una urefu wa mita 3, kwa hiyo mtikisiko mdogo wa kifundo unakuwa mkubwa kule mwisho. Jaribu mwenyewe kwa fimbo ya kuangushia maembe utaelewa.

Dawa ni hizi. Usisome mahali mwali ulipo wakati kitufe kimeshazama, soma ulipokuwa kabla kidole hakijaanza kuvuta, rudi nyuma sehemu ndogo ya sekunde. Eneo linalopokea mguso lifanye kubwa kuliko picha inayoonekana, mtumiaji hatajua na hana haja ya kujua. Na mwali uvutwe na kitufe ukikaribia, kama sumaku.

Lakini kama ningekuwa wewe ningeuliza jambo jingine kabisa: kwa nini kuna kitufe cha ANZA?

#8 Pweza Mkavu

Sasa aanzeje bila ANZA?

#9 Mkenya Mpole

Hapo @Kaka Lenzi amegonga ndipo. Mniruhusu nisimulie kidogo kutoka huku Nairobi.

Nilipata bahati ya kujaribu HoloLens ya kwanza, ile iliyotoka 2016. Ili urudi kwenye menyu kuu ulitakiwa ukusanye ncha za vidole vyote vitano, uinue mkono, halafu uvichanue kama ua linafunguka. Ili uchague kitu, unainua kidole na kukishusha hewani, lakini mkono lazima uwe mbele ya kamera, ukiuweka chini kidogo haukuoni. Wageni wakija ofisini tulikuwa tunasimama mstari mmoja tunawafundisha kuchanua maua. Mtu akipita mlangoni anadhani ni maombi. Na bado nusu ya muda ua lilikuwa halichanui bana.

HoloLens 2 ilipokuja 2019 lile ua wakalitoa. Badala yake ukigeuza mkono ukautazama ndani ya kifundo, unaona alama pale pale, unaigusa kwa kidole cha mkono wa pili. Hufundishwi. Kila mtu ameshawahi kuangalia saa mkononi.

Somo nililotoka nalo ni kwamba ishara ya kukariri ni nenosiri. Mtu atailiweka kichwani leo, kesho ameisahau. Na ishara ambayo mwili unaijua tayari haina haja ya mwongozo wa kurasa 12. Huyo mama alikuonyesha mwenyewe: alinyoosha kidole akabonyeza ubao. Kwa nini ubao haukubonyezeka? Usogeze karibu, mita nusu hivi, ufanye vitufe vinene vinavyozama kidogo vikiguswa na vitoe mlio.

#10 Shangazi Kodi

@Mkenya Mpole "atailiweka" ndiyo lugha gani tena 😄

#11 Mkenya Mpole

Ataiweka. Vidole vyangu ni vya HoloLens ya kwanza.

#12 Kijana wa Sinza

Suluhisho mbona rahisi, tupeni kontrola mbali. Apple Vision Pro haina kontrola, unaangalia kitu unafinya vidole viwili basi, mkono uko zako mapajani. Hiyo ndiyo mwisho wa mjadala.

#13 Kaka Lenzi

Mjadala haujaisha mdogo wangu. Vision Pro ilipoanza kuuzwa Marekani Februari 2024 bei ilikuwa dola 3,499. Chuo kitanunua moja halafu kiifungie kabatini na kufuli.

Kuhusu macho, wazo ni zuri lakini lina mtego wa siku nyingi. Mtafiti Robert Jacob aliueleza mwaka 1990 kwa kumtaja yule mfalme Midas, kila alichogusa kiligeuka dhahabu. Macho yakiwa ndiyo kidole, kila unachotazama unakifungua, na binadamu hawezi kuacha kutazama. Ndiyo maana Apple wametenganisha: jicho linaonyesha, vidole vinathibitisha. Bila ile kufinya ingekuwa vurugu tupu.

Na mikono mitupu kwenye Quest ipo tangu mwisho wa 2019, unaweza kuitumia bila kontrola. Ila mfikirie mkunga wetu. Anakanda mji wa mimba, wakati mwingine mkono mmoja juu ya mwingine. Kamera ziko usoni kwenye miwani. Mkono wa juu ukiuziba wa chini, miwani inaupoteza, na mwanafunzi anaona mkono wake umeruka hadi kwenye dari katikati ya dharura. Kazi hii hii ndiyo inayoshinda kamera.

#14 Mbunifu wa Mbagala

@Kaka Lenzi umeniokoa wiki mbili. Tulikuwa tumeshaanza kutoa kontrola.

#15 Mpemba wa Muscat

Assalaam alaykum. Mie si mtu wa programu, ila n'na neno juu ya kizunguzungu, maana hakuna aliyekitaja.

Nlivaa hii kitu kwenye duka moja kubwa hapa Muscat, mtoto kanilazimisha. Wakanikalisha kwenye kiti kikavu, mbele yangu gari la kwenye reli linashuka mlima. Wallahi sikufika bondeni. Nikavua, nikakaa chini, jasho la baridi, mtoto ananipepea na risiti.

Mie nimekulia kwenye boti la Unguja na Pemba. Mkondo wa Nungwi naujua, na dawa yake kila baharia anaijua: toka ndani, kaa nje, tazama upeo wa bahari. Kule chini mwili unahisi boti linacheza, macho yanaona ukuta umetulia, tumbo linakataa. Hii miwani imeigeuza habari: macho yanaona unakwenda mbio, mwili unajua umekaa. Ni ugomvi ule ule, tafauti nani kaanza.

Sasa n'ulize: huyo mama alitembeaje kutoka mlangoni hadi kitandani?

#16 Mbunifu wa Mbagala

Kwa kijiti cha kontrola. Anasukuma mbele, chumba kinamjia. (Naandika hivi huku najiona mjinga.)

#17 Kaka Lenzi

Mzee wa Pemba kaeleza vizuri kuliko vitabu. Mbunifu, ondoa kijiti. Chumba chako kina ukubwa gani? Kama ni hatua tatu, aende kwa miguu yake. Kama ni kikubwa zaidi, aonyeshe mahali na ahamishwe hapo papo hapo, bila safari ya kati.

Kama kwa sababu fulani ni lazima asukumwe, fifisha kingo za anachokiona wakati anasogea, abaki na tundu la katikati, kisha lifunguke akisimama. Ajoy Fernandes na Steven Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia walilijaribu hilo mwaka 2016: watu walipata nafuu, na wengi wao hata hawakugundua kwamba wamepunguziwa upana wa kuona.

#18 Mwalimu wa Zamu

Nimekuja kuchelewa, nilikuwa nasahihisha. Mimi ninasimamia darasa lenye hedseti nane, na kitu kinachoua vipindi vyangu siyo programu, ni zile dakika tano kabla ya programu.

Kwanza lenzi. Quest 2 ina nafasi tatu za lenzi: milimita 58, 63 na 68, unazisogeza kwa mkono. Ukimvalisha mwanafunzi wa mwisho, lenzi zipo pale alipoziacha kaka mwenye kichwa kikubwa. Huyu dada anaona maandishi yamepanda mbili mbili, anadhani ndivyo VR ilivyo, anaumwa kichwa, anaandika kwenye fomu "siipendi". Kuna utafiti wa Kay Stanney na wenzake wa 2020 ulioonyesha kwamba sababu kubwa ya wanawake kuumwa zaidi na VR ilikuwa hiyo hiyo, miwani kutowakaa sawasawa na nafasi ya macho yao. Wale ambao miwani iliwaenea, hali yao ilifanana na ya wanaume. Wakunga wetu wengi ni kina nani? Basi swali la kwanza kwenye programu yako liwe picha moja yenye mistari, na sauti: "Sogeza lenzi mpaka mistari itulie." Usimwachie mtu agundue mwenyewe.

Pili nywele. Mkanda wa nyuma haukuundwa kwa ajili ya rasta, mabutu wala kilemba. Uweke chini ya fundo la nywele, siyo juu yake, la sivyo miwani inateleza na kila ikiteleza ukungu unarudi.

Tatu, na hili liandike ukutani: mwalimu haoni mwanafunzi anachoona. Mtoto anasema "mwalimu imegoma", wewe unamuuliza "unaona nini?", anakujibu "naona kitu". Rusha picha kwenye simu au kwenye TV ya ukutani kila mara. Nilipoanza kurusha, maswali yalipungua zaidi ya nusu, maana wenzake ndio wanamwelekeza.

#19 Daktari wa Simu

Nyie mnajadili miwani ya mamilioni, ngoja niwape ya AR ya kwenye simu maana hiyo ndiyo iliyopo mifukoni mwa watu.

Mwaka juzi jamaa mmoja muuza samani aliniletea apu yake nimwangalizie. Mteja anaelekeza kamera sakafuni, kochi linatokea sebuleni kwake, anaona kama litaenea. Dukani kwake inafanya kazi kama uchawi. Nyumbani kwa wateja inagoma. Anasema simu za watu ni mbovu.

Nikaenda naye kwa mteja. Sebule ina marumaru nyeupe, zinang'aa mpaka unaona feni ya darini. Dukani kwake je? Sakafu ya saruji ina madoa na nyufa. Nikajua hapo hapo. Kamera ya AR haijui "sakafu", inatafuta alama za kushikilia: doa, kona, ufa, nakshi, kisha inaangalia zinavyosogea simu ikisogea. Marumaru nyeupe haina pa kushika, na ule mng'ao unaidanganya kwa sababu feni inaonekana iko chini ya sakafu. Nikamwomba mama mwenye nyumba kanga. Nikaitandaza chini, nikainua simu. Kochi hilo hapo, juu ya Kisutu nyeusi, nyeupe na nyekundu, limetulia tuli.

Ila tatizo la pili ndilo linahusu uzi huu. Apu ilikuwa inaandika "Inatafuta uso bapa". Uso bapa! Mteja akisoma hivyo anafanya nini? Anatulia, anasubiri, kama unavyosubiri simu itafute mtandao. Na kutulia ndiyo sumu yenyewe, simu inatakiwa isogee ili ipime umbali. Tukafuta sentensi, tukaweka picha ya mkono umeshika simu unaipeleka kulia na kushoto. Apple nao tangu 2019 wanawapa watengenezaji picha ya namna hiyo tayari imeundwa. Na ikishindikana, apu iseme sababu kwa maneno ya mtu: "Sakafu inang'aa sana, tandika mkeka au kanga." "Giza, washa taa." Siyo "Hitilafu imetokea."

#20 Pweza Mkavu

Kanga kama kifaa cha teknolojia. Nimeipenda hii.

#21 Shangazi Kodi

Kanga hiyo iwe na jina zuri tu, tusije tukapeleka AR nyumbani kwa watu na maneno ya kusutana.

Nirudi kwenye mada. Mbunifu, maandishi yako kwenye VR yakoje? Mwaka 2017 watu wa Google walileta kipimo kinaitwa dmm, ni milimita moja ikitazamwa kutoka mita moja. Herufi ya dmm 24 ukiipeleka mita 2 lazima iwe milimita 48, mita 3 iwe 72. Ukifikiri hivyo huhitaji kukisia, unasogeza ubao na herufi inakua yenyewe.

Lakini kwa wakunga ningepunguza kusoma kabisa. Rekodi sauti. Na siyo ile sauti ya roboti inayosema "tafadhali endelea na hatua inayofuata". Mtafute mkunga halisi aseme kama anavyomwelekeza mwanafunzi zamu ya usiku: "Kanda. Usiache. Nani analeta dawa?" Hilo la "kichochezi" ni kosa tunalolifanya sote, tunatafsiri jina la sehemu badala ya kitendo. Sema "shika", sema "kunja vidole". Na neno "kiolesura" mliloliweka kwenye mipangilio, naomba radhi kwa wanaolipenda, mie nafanya kazi hii na huwa nalifungulia kamusi.

Jambo la mwisho: W3C, shirika la viwango vya mtandao, walitoa waraka mwaka 2021 wa mahitaji ya watu wenye ulemavu kwenye VR na AR. Usiuone kama mambo ya mbali. Mtu wa mkono mmoja, mtu wa kushoto, asiyesikia vizuri sikio moja, anayetumia akiwa amekaa. Ukiweka kila kitu kiwezekane kwa mkono wowote, umemsaidia pia yule ambaye mkono wa pili umeshika ukuta asianguke.

#22 MsemaKweli

Naona sasa uzi umekuwa wa maana. Ila kitanda bado hakipo, mtu ataegemea tu. Hilo hamjalijibu.

#23 Mwalimu wa Zamu

Amesema kweli MsemaKweli, leo jina limefanana na mtu.

Mbunifu: weka meza halisi. Chuoni si kuna meza? Pima urefu wake, kitanda cha ndani ya VR kifanye urefu huo huo, kisha kabla ya kuanza gusa pembe mbili za meza kwa kontrola, programu iweke kitanda hapo hapo. Akiegemea anakuta mbao. Mikono nayo inapata pa kupumzika, maana kuinyoosha hewani dakika kumi ni adhabu, Wazungu wanaita mkono wa sokwe tangu enzi za skrini za kugusa za kusimama.

#24 Mbunifu wa Mbagala

Wakuu, nimerudi, wiki tatu zimepita. Meneja na kurasa zake 12 bado hajanisamehe, lakini amekaa kimya.

Tulichofanya: ANZA imekufa. Ukivaa miwani uko tayari wodini, mbele yako pana meza yenye beseni na glavu. Ukiokota glavu, zamu imeanza. Hakuna ubao, hakuna mwali. Kontrola tumeziacha kwa ile sababu ya @Kaka Lenzi, ila machoni zinaonekana kama mikono, na vitufe vyote viwili vya vidole vinafanya kitu kimoja: kushika. Ukikosea kitufe hujakosea. Kijiti tumekizima. Chumba tumekipunguza mpaka hatua tatu. Lenzi zinapimwa kwa mistari mwanzoni. Meza ya chuo tumeipima, sentimita 76, na kitanda kimeikalia sawasawa baada ya jaribio la nne (la kwanza kitanda kilitokea kimesimama wima, sitaki kulizungumzia).

Kuna lililotushinda. Glavu: tulitaka azivae kidole kwa kidole, haikuwezekana. Sasa akizigusa zinaruka zenyewe mkononi. Mama alipoliona hilo alisikitika, akasema mwanafunzi atajifunza uvivu. Sina jibu lake.

Naam, tulimwita tena. Nilisimama kando nimefumba mdomo, picha ikirushwa kwenye TV. Akavaa, akatazama meza, akaokota glavu bila kuuliza. Akasogea kitandani kwa miguu yake, akaegemea mbao, nikashusha pumzi. Mkono ukaenda tumboni.

Halafu akasimama. Sekunde tano, kumi. Nikadhani programu imeganda. Nikaangalia TV, kila kitu kinakwenda, damu inakwenda, saa inakwenda. Nikamuuliza, "Shikamoo mama, kuna tatizo?"

Akasema, "Marahaba. Nimemwambia mgonjwa pole mama, nakugusa tumbo. Hajaitika. Huyu ana fahamu au amezimia?"

Wakuu, hatukuwahi kufikiria hilo. Mgonjwa wetu hana sauti. Sisi tulimchora alale, yeye anataka amjibu, kwa sababu kujibu ndiyo kipimo chake cha kwanza, kabla hata ya presha. Sasa natafuta mtu wa kike wa kurekodi majibu kama ishirini: mwenye nguvu, anayeanza kuchoka, anayeongea maneno hayaeleweki. Malipo yapo, si makubwa.

#25 Shangazi Kodi

Nina wifi yangu aliwahi kuigiza redioni, na amezaa wanne. Njoo PM.